Programu ni ya bure, haya, na seva je?



Juzi nimeitwa nyumba moja hapa Magomeni (yetu ya Bagamoyo, siyo ile ya Dar). Mwenye nyumba ni mama ninayemheshimu sana, shoga yake bi mkubwa wangu. Kanipokea na maneno haya: "Mwanangu, wewe si ndiyo fundi wa kompyuta? Hebu njoo ututolee hela zetu humu ndani." Nikajua labda kasahau namba ya siri ya simu. Wapi! Naingia sebuleni naonyeshwa CPU moja ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna chupa ya chai. Kumbe ndiyo seva ya kikundi chao cha kukopeshana.

Stori yenyewe fupi. Mradi fulani ulikuja, ukawawekea programu huria ya kutunza hesabu, bure kabisa, inakaa kwenye Linux na wanaifungua kwa simu zao kama tovuti. Miaka miwili mambo safi. Mradi ukaisha. Kijana aliyeisakinisha akapata kazi mkoa mwingine, namba yake haipatikani, na paswedi anayo yeye. Siku moja umeme ukakatika mashine ikiwa inaandika, ndo ikawa basi tena. Daftari? Waliliacha zamani, maana waliambiwa sasa ni dijitali.

Nilishinda nayo siku mbili. Nikaiwasha kwa flashi ya Ubuntu, nikalifungua diski kwa mlango wa nyuma, nikakuta nakala ya databesi ya mwezi Machi. Za Aprili mpaka Agosti hamna. Zimebaki kwenye vichwa vya watu, na ikifika habari ya hela kila kichwa kina hesabu yake. Kuna mama anadai laki nne na nusu na hana hata kikaratasi. Ada ya mtoto iko humo.

Nimelileta hili dogo kwa sababu kuna kubwa linalofanana nalo, na hilo linatugusa wote hata ambao hatujawahi kugusa kibodi. Naongelea MTUHA.

Ukiingia zahanati yoyote ya huku kwetu utaona madaftari makubwa mezani kwa nesi. Hayo ndiyo ya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, upo tangu miaka ya 1990. Namba 6 ni ya wajawazito, namba 12 ni ya wanaojifungua, na mengine mengi. Mwisho wa mwezi jumla inatolewa kwa mkono, halafu inaingizwa kwenye programu inayoitwa DHIS2. Humo ndimo wilaya, mkoa na wizara wanaangalia malaria imepanda wapi, chanjo imekwama wapi, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni. Namba ikikosekana, mtu wa juu anapanga kwa kubahatisha, na anayeumia ni yule anayefika kituoni usiku akakuta hakuna kitu.

Sasa hiyo DHIS2 ni programu huria. Haina leseni ya kununua, msimbo wake uko wazi, ukitaka unaupakua leo ukiwa hapo hapo kafe (kama bando la kafe linaruhusu, si mnajua tena). Mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ile ya kwanza baada ya ubaguzi wa rangi, halafu Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway kikaibeba. Ile ya kwanza ilikuwa inakaa ndani ya kompyuta moja moja. Hii ya mtandaoni ilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kwetu Tanzania kazi iliegemea idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mkoa wa majaribio unaujua? Pwani. Mkoa wetu huu huu. Mwaka 2013 ndipo mfumo ukakamilika mikoa yote. Tumezoea kusikia Bagamoyo ikitajwa kwa watumwa, magofu ya Kaole na bandari ya Mbegani ambayo tunaisubiri mpaka leo, lakini hili la mkoa wetu hakuna anayelisema.

Wenzetu wa Kenya nao walianzia Pwani yao, mwanzoni mwa 2011, na Septemba mwaka huo huo wakawa wameeneza nchi nzima. Kilichowakalisha kitako siyo programu. Ni hili: seva ikae wapi? Chumba cha seva cha wizara kilipoangaliwa kikaonekana hakiaminiki, umeme wa mashaka na intaneti ya mashaka. Njia ya zamani ilikuwa kuweka programu kwenye kila kompyuta ya wilaya, toleo jipya likitoka fundi anazunguka nchi nzima na flashi. Wakaikataa. Wakakodi seva moja nje ya nchi, na kila wilaya ikawa inaingia kwa modemu ya simu, zile za kuchomeka kama flashi. Iliwezekana kwa sababu mikongo ya baharini ilikuwa imeshafika, SEACOM 2009 na EASSy 2010, na kwa sababu mtandao ukikatika unaendelea kujaza fomu kwenye kivinjari, ukirudi inapanda. Ila maswali hayakukosekana: takwimu za afya za taifa zinalala ugenini?

Swali zuri. Nitalirudia.

Kwanza niwaambie, nilitaka kuona mwenyewe ugumu uko wapi. Nikachukua laptop yangu ya GB 4, nikaweka Ubuntu, nikaanza saa tatu asubuhi. Unaweka Java. Unaweka PostgreSQL, hiyo ndiyo databesi. Unaweka Tomcat, huyo ndiye anayezihudumia kurasa. Unatengeneza databesi tupu, unaipa mwenyewe wake, unaongeza PostGIS kwa ajili ya mambo ya ramani. Unaandika faili moja dogo, dhis.conf, la kuielekeza programu databesi iko wapi na paswedi yake ni ipi. Mwisho unalitupa faili la DHIS2 ndani ya folda ya webapps ya Tomcat, unawasha, unaomba Mungu. Yangu ikakata roho mara mbili, Java imekula kumbukumbu yote. Nikaipunguzia. Saa kumi jioni ukurasa ukafunguka, jina admin, paswedi district. Nikapiga kelele mpaka mdogo wangu akaja mbio akidhani nimeng'atwa na nge.

Hiyo paswedi ya district imeandikwa kwenye maelezo ya programu yenyewe, dunia nzima inaijua. Kitu cha kwanza ibadilishe. Nimewahi kuona mifumo mingine, siyo ya afya, imekaa hewani na paswedi ya kiwandani mwaka mzima.

Kwa hiyo kuweka ni siku moja, na mimi elimu yangu ni kidato cha nne. Kinachobaki baada ya hapo ni miaka. Toleo jipya linataka Java mpya, Java mpya inataka mtu wa kuijaribu pembeni kwanza kabla hajaiharibu ile inayofanya kazi. Diski inajaa kimya kimya kwa faili za kumbukumbu za Tomcat. Cheti cha usalama cha tovuti kinaisha muda. Nakala ya databesi inatoka kila usiku yenyewe kwa amri ya cron, safi, lakini inahifadhiwa wapi? Kama iko kwenye diski lile lile hiyo siyo akiba, ni mapambo. Na kuna aliyewahi kuirudisha akaona kweli inarudi? Hapo ndipo watu wanaangalia chini.

Halafu kuna akaunti ya ruti, yule mtumiaji mkubwa wa Linux anayeweza kila kitu. Aliyeshika paswedi ya ruti ndiye mwenye mfumo, hata kama kwenye karatasi mwenye mfumo ni mkurugenzi. Kwa yule mama wa Magomeni mwenye mfumo alikuwa kijana ambaye simu yake haipatikani.

Turudi kwenye seva ikae wapi. Mei 12, 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja chini ya bahari, mnakumbuka tulivyohangaika. Siku kama ile seva ikiwa ugenini, huna lako. Ikiwa Dar una nafuu, kwa sababu pale kuna TIX tangu 2004, mahali makampuni ya intaneti yanapobadilishana mizigo ya ndani bila kuipitisha baharini. Hoja ya pili ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 1, 2023, na taarifa za afya za mtu mwenye jina lake haziendi nje hivi hivi tu. Jumla za MTUHA hazina majina, lakini DHIS2 inaweza pia kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, na ukifika huko habari ni nyingine.

Mimi basi nasema ikae nyumbani? Ndiyo, ila kwa sharti moja, awepo mtu wa kuitunza anayelipwa mshahara wa kudumu. Seva ya nyumbani isiyo na mtu ni mbaya kuliko ya ugenini yenye mtu. Wakenya 2011 hawakuwa wajinga, walijua chumba chao.

Na kukaa nyumbani nako siyo kinga ya kila kitu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikaanza kurudi siku kadhaa baadaye. Seva iwe Dar, iwe London, kwa aliyekaa kituoni ilikuwa sawa tu. Siku zile mtoto aliyezaliwa aliandikwa wapi? Kwenye kitabu namba 12, kwa kalamu. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema tutupe madaftari, karatasi ni ushamba, namwonyesha ile CPU yenye chupa ya chai.

La hela sasa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shughuli za USAID zikawa zimefungwa. Wengi walishtukia dawa za kufubaza virusi, na ni haki yao. Lakini mfuko ule ule ulikuwa unalipa na waingiza takwimu kwenye vituo, bando zao na kompyuta zao. Programu ikabaki bure kama kawaida. Nafuu yetu ni kwamba pale Chuo Kikuu kuna watu wanaoijua mpaka uvungu, wapo hata walioandika vipande vinavyotumika nchi nyingine. Huo ujuzi haukuja na mradi wa miaka miwili, umekaa zaidi ya miaka 20. Tatizo ni kwamba umekaa Dar. Kilomita 70 tu kufika huku, lakini kijana wa Bagamoyo mwenye Linux kichwani anaishia kufomati simu na kuchapa CV za watu.

Halmashauri zina mafungu ya mafuta ya gari. Gari bila dereva na mafuta hakuna anayeliita gari. Seva nayo ikae kwenye bajeti hivyo hivyo, mstari wa mtu na mstari wa matengenezo, siyo "itafadhiliwa".

Wale akina mama nimewarudishia mfumo wao kwenye mashine nyingine. Paswedi nimeiandika kwenye karatasi mbili, bahasha mbili, moja kwa mwenyekiti na moja kwa mhazini. Kila Ijumaa nakala inaingia kwenye flashi na flashi inaondoka na mtu. Nani aondoke nayo, wamebishana saa nzima mpaka maghribi. Kuhusu zile za Aprili hadi Agosti, Jumapili wanakaa kikao, kila mmoja aje na alichonacho. Mama mwenye laki nne na nusu ameshapata shahidi mmoja.

Daftari jipya wamenunua. Kurasa 200, jalada gumu.