Kilebu na Gunzi la Mahindi



Wengi wetu tuna jamaa waliohamia bara: huyu ana duka Bungoma mjini, yule ameolewa Kitale na mumewe analima mahindi. Huko mashambani mbwa hana budi kuwepo, kwani ghala la nafaka na ng'ombe wa maziwa havilindwi na kufuli peke yake. Dini yetu haikuufunga mlango huo. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa katika Hadithi zilizo sahihi. Ila mnyama aliyeruhusiwa kufugwa ana haki zake juu yetu, na ipo moja ambayo husahauliwa sana, nayo ni kukingwa na vile anavyovitia kinywani angali kilebu.

Kilebu hutafuna kwa sababu ya meno. Yale 28 ya utotoni huanza kung'oka apatapo miezi mitatu au minne, na hata afikapo mwezi wa saba huwa ameota yote 42 ya ukubwani. Katika muda huo ufizi humsumbua, na kila akionacho uani hutaka kukijaribu. Kumpiga kwa ajili hiyo ni kama kumpiga mtoto mchanga kwa kunyonya kidole.

Kitale, kitu cha kuchungwa zaidi ni kile ambacho hakuna akiogopaye: gunzi la mahindi. Baada ya mavuno, kuanzia Oktoba, magunzi hutapakaa kila ua, mengine yakiwekwa kwa kuni. Tumbo la mbwa haliwezi kuyasaga. Kipande akimezacho huweza kukaa tumboni siku nyingi, kisha kikateremka na kuziba utumbo. Hapo mnyama hutapika, hukataa chakula, tumbo likamuuma akiguswa, na mara nyingi hapana dawa isipokuwa kupasuliwa. Basi magunzi na yawekwe katika gunia lililofungwa au juu ya dari la jikoni, siyo chungu wazi mlangoni. Ikifika Machi na Aprili, msimu wa kupanda, huja hatari nyingine: mbegu zilizopakwa dawa na rangi. Rangi ile ni onyo kwa binadamu. Kilebu hajui maana yake. Zilizomwagika hazina budi kuokotwa siku ile ile.

Bungoma nako kuna mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vikali kama sindano. Kuna makapi ya miwa yatemwayo njiani. Na kuna mbarika umeao wenyewe kando ya ua, ambao mbegu zake zina sumu kali. Mkopo uliochanganyiwa dawa ya kupe usiachwe chini hata kwa dakika moja.

Sasa tuje kwenye lile linalowatatiza mama zetu. Sisi wa pwani, tulio wengi katika madhehebu ya Imamu Shafi, twajua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hivyo mama akimwona kilebu na kitu kibaya kinywani, huona uzito kutia mkono, akamwacha au akamkimbiza kwa ufagio. Yote mawili hudhuru. Akikimbizwa hudhani ni mchezo. Akitishwa hukimeza upesi kisije kikachukuliwa.

Njia iliyo bora haihitaji mkono kugusa kinywa. Mtupie kipande cha nyama au dagaa mahali pa karibu, na useme neno moja tu, tuseme "Acha". Akikiachia kile alicho nacho na kukifuata chakula, kisukume mbali kwa kijiti. Afanyiwe hivyo kila siku kwa vitu visivyo na madhara, naye atalizoea neno lenyewe. Watoto wa nyumbani walitumie neno lile lile. Nyumba ambayo baba husema hili na mama husema jingine humchanganya mnyama. Apewe pia chake cha kutafuna, kama kamba nene ya katani iliyopigwa fundo, itupwe ikianza kuchambuka. Na ashibe! Kilebu anayepewa ukoko wa ugali mara moja kwa siku ataokota tu.

Penye sumu ya panya, yafaa kujua kwamba ziko aina zisizoonyesha dalili siku ile. Baada ya siku tatu hadi tano ndipo fizi hutoka damu na mnyama akalegea. Dawa yake ni vitamini K, nayo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya dalili. Kwa hiyo akishukiwa kula sumu yoyote, asilazimishwe kutapika, wala asipewe maji ya chumvi. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ile ile, pamoja na pakiti ya sumu yenyewe, hata ikiwa ni tupu.