Safisha Picha, Usimfute Mpenzi Wako

Mwezi huu tunaweka pembeni mambo ya wivu na simu za usiku wa manane, tunakaa mbele ya kompyuta. Usishangae! Siku hizi penzi linatunzwa kwenye picha: ya uchumba, ya harusi, ya mtoto wa kwanza. Lakini wengi wetu tukitaka picha itengenezwe tunampelekea kijana wa studio, tunamwambia “ing’arishe kidogo”, halafu tunarudishiwa sura ambayo hata mama mzazi haitambui.

Dawa ni kujifunza mwenyewe zana chache za mwanzo. Si kazi ya wasomi. Jioni mbili tatu zinatosha, na ukiwa na mwenzi wako pembeni ndiyo raha zaidi.

Tena ujue Photoshop yenyewe imepitia kwenye mapenzi. Mwaka 1987, Mmarekani John Knoll alimpiga picha mpenzi wake Jennifer akiwa amekaa ufukweni kisiwani Bora Bora, na siku hiyo hiyo akamwomba wafunge ndoa. Picha hiyo ndiyo aliyoitumia kuwaonyesha watu uwezo wa programu aliyokuwa akiitengeneza na kaka yake Thomas. Kampuni ya Adobe ikaiingiza sokoni mwaka 1990.

Photoshop inalipiwa. Kama mfuko hauruhusu, usikimbilie nakala za wizi zenye virusi. Ipo GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hiyo ni ya bure kabisa, na zana za msingi zinafanana.

Haya, tuanze!

Kwanza, nakala. Kabla hujagusa chochote, hifadhi picha halisi mahali pake na ufanyie kazi nakala. Faili za JPEG hupoteza ubora kidogo kila unapozibadili na kuzihifadhi upya. Kazi ambayo haijakwisha ihifadhi kwa PSD kama unatumia Photoshop, au XCF kama ni GIMP. Ukiharibu, bonyeza Ctrl na Z, unarudi nyuma. Laiti na maneno tunayoropoka tukigombana yangekuwa na kitufe hicho!

Pili, kukata. Zana hii inaondoa yasiyohusu: ndoo iliyosahaulika, mguu wa mpita njia, kiti kitupu. Ila usikate mno. Picha nzuri ya kuchapisha huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo ile ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800. Ukibakiza kipande kidogo kisha ukakikuza, kitatoka na ukungu.

Tatu, mwanga. Hapa ndipo maharusi wengi wanapoumia. Kamera hupima mwanga, na ikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu hudhani mwanga umezidi, inaupunguza. Matokeo yake gauni linapendeza na nyuso zinakuwa giza. Kwenye Photoshop bonyeza Ctrl na L. Kwenye GIMP ingia menyu ya rangi. Utaona mchoro kama vilima na pembetatu tatu ndogo chini yake. Ya kushoto ni ya weusi, ya kulia ni ya weupe, ya katikati ni ya mwanga wa kati. Sogeza ile ya katikati polepole kuelekea kushoto, uso unaanza kuonekana.

Sasa simama! Pembetatu hiyo hiyo ndiyo inayowageuza watu wazungu. Utajuaje pa kuishia? Mwite mwenzi wako akae karibu na dirisha, mtazame yeye kisha utazame kioo cha kompyuta. Uso ukifanana na wake, inatosha. Ukiendelea hapo, humsaidii tena. Unamwambia kimyakimya kwamba rangi yake ina kasoro. Picha ile itatundikwa sebuleni, na yeye ataitazama kila siku akijiuliza kama ungependa zaidi yule wa ukutani.

Nne, muhuri na plasta. Zana yenye alama ya muhuri hunakili sehemu moja na kuibandika nyingine. Shikilia Alt (kwenye GIMP ni Ctrl), bofya mahali pasafi, achia, kisha paka penye doa. Ile ya plasta hufanya kazi kama hiyo, lakini inalainisha rangi na mwanga vilingane na ngozi ya pale. Muhuri unafaa kwa ukuta, nguo na picha za wazee zilizochanika. Plasta inafaa kwa uso.

Kanuni yangu ni hii: ondoa kitakachoondoka chenyewe, acha ambacho ni chake. Chunusi ya wiki hii, futa. Jasho, vumbi, mabaki ya keki mdomoni, futa. Lakini kovu la utotoni, mwanya, mistari ya kucheka pembeni mwa macho, usiguse bila kumuuliza. Ni mwili wake, na pengine ndicho ulichokipendea.

Tano, leya. Fikiria karatasi za nailoni angavu zilizopangwa juu ya picha. Kila marekebisho yaweke kwenye karatasi yake. Ukiona umezidisha, unaificha au unaifuta, na picha ya chini ipo salama. Unaweza pia kupunguza nguvu ya leya hadi nusu. Mara nyingi nusu inatosha.

Na wewe unayetaka kujifunza ili umkate ex kwenye picha za zamani, sawa, zana unazo. Lakini mkate kwenye nakala. Kuna siku watoto watataka kujua mlikotoka.

Jumamosi hii chagueni picha moja tu, mkae wawili. Kabla ya kuhifadhi, mwenye sura ndiye aseme neno la mwisho. Akisema “niache hivyo hivyo”, weka kipanya chini, bwana. Huo ndio ushindi.

Tukutane mwezi ujao!