Mafuriko Haya Hayakuwa ya Ghafla

Tarehe 8 Julai 2025, katika mji wa Ruidoso, jimbo la New Mexico nchini Marekani, mto ulipanda kutoka futi moja na nusu hadi zaidi ya futi 20 kwa muda usiofika saa moja. Nyumba nzima ilionekana ikielea. Watu watatu walikufa. Wawili walikuwa watoto, wa miaka 4 na 7, waliopiga kambi na familia yao kando ya mto. Habari zikasema: mafuriko ya ghafla.

Neno hilo nalikataa.

Milima ya juu ya mji huo iliungua Juni 2024. Mioto miwili iliteketeza ekari zipatazo 25,000. Msitu ukiwaka vikali, nta ya mimea hugeuka mvuke, hupenya udongoni, kisha huganda chini kidogo ya uso wa ardhi, na udongo ukawa hauingii maji. Majani makavu yaliyokuwa yakiinyonya mvua nayo yameshakuwa majivu. Kwa hiyo radi ikija na mvua ya takribani milimita 90 kwa saa moja na nusu, kama siku ile, maji huteremka yakikokota majivu, magogo na mawe.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mji ulishafurika mara kadhaa mwaka 2024, baada tu ya moto.

Najua nitakavyojibiwa: mvua ni ya Mungu, saa yake haijulikani. Sawa, saa haijulikani. Mahali palijulikana. Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya mafuriko haya yalikuwa majivu, na yalikaa mlimani mwaka mzima. Mwenyeji aliyakumbuka. Mgeni aliyekuja kupumzika mtoni angeyakumbukaje? Tahadhari inayoingia kwenye simu maji yakiwa njiani haimtoshi mtu mwenye watoto wadogo kambini.

Kosa letu ni kudhani moto umekwisha moshi ukikoma. Haujaisha mpaka mlima uote tena. Mpaka hapo, msimu wa radi, asilazwe mtu kando ya mto ule, hata kama biashara ya utalii itaumia.

Oktoba 2020 tuliutazama Kilimanjaro ukiwaka, tukashukuru ulipozimwa. Wangapi tuliuliza mvua itakuta nini?