Kipima pumzi kisiwe cha hospitali tu

Ugonjwa wa pumu unawatesa wengi huku kwetu Kyela, hasa watoto.

Mimi ni mkulima wa mpunga na kokoa hapa Ipinda, na nina mtoto wa miaka 11 mwenye pumu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikingoja mpaka kifua kianze kulia ndipo nihangaike. Msimu mmoja wa masika, barabara zikiwa zimejaa maji, alibanwa usiku wa manane. Tulimpakia kwenye pikipiki tukapita kwenye matope, na tulipofika hospitali midomo ilikuwa imekwisha kubadilika rangi. Baada ya kumtuliza, mganga aliniuliza: "Jioni alikuwaje?" Nikajibu kwamba alikuwa mzima, akicheza mpira. Kumbe hakuwa mzima.

Mtoto alipopata nafuu, mganga yule alimpa kibomba cha plastiki chenye mshale na namba, akamwambia apulize kwa nguvu zake zote. Hicho ndicho kipima pumzi. Kilibuniwa na Dk. Martin Wright wa Uingereza katika miaka ya 1950, na hakihitaji umeme wala betri. Mgonjwa husimama, huvuta pumzi mpaka mwisho, hupuliza mara tatu, na huandikwa namba iliyo kubwa kuliko zote. Hufanya hivyo asubuhi na jioni. Njia za hewa zikianza kuziba, mara nyingi namba hushuka kabla mgonjwa hajajisikia vibaya.

Kila mgonjwa hujipima kwa namba yake mwenyewe ya siku alizo na afya njema. Ya mwanangu ni 300. Kuanzia 240 kwenda juu, yaani asilimia 80, hatuna wasiwasi. Kati ya 150 na 240 ni hadhari, na tunafuata maagizo tuliyoandikiwa. Chini ya 150, yaani nusu, ni hatari: anavuta dawa ya kufungua kifua na safari ya hospitali inaanza papo hapo. Hata namba ikiwa nzuri, akihema kwa shida hatungoji.

Ndugu yangu alitununulia kifaa hicho Dar es Salaam, nasi tukaanza kuandika namba katika daftari la shule. Jioni moja alirudi kutoka uwanjani akicheka, lakini akapuliza 220. Tukafuata maagizo, akalala salama. Daftari hilo lilitufundisha na jambo jingine. Bibi yake alikuwa akilaumu upepo wa ziwa, mimi nikilaumu samaki. Lakini namba zilishuka siku ambazo matanuri ya matofali ya jirani yalichomwa kwa pumba za mpunga, na siku za mvua tulipopikia kuni ndani. Sasa jiko tumelihamishia nje, chini ya kibanda.

Ndugu Mhariri, ninayo maombi matatu. Kwanza, Shirika la Afya Duniani limekwisha kukitaja kipima pumzi miongoni mwa vifaa muhimu vya huduma za msingi. Basi kisiishie hospitali kubwa. Kifike kila zahanati, na mgonjwa mwenye pumu kali apewe cha kwenda nacho nyumbani. Pili, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itekelezwe bila kumsahau mgonjwa wa pumu, yaani kifaa hiki pamoja na dawa ya kuvuta ya kila siku ya kuzuia. Wengi wetu tunanunua ile ya kutuliza peke yake, nayo haiondoi uvimbe ulio ndani ya kifua. Tatu, walimu nao wafundishwe, kwani mtoto hukaa nao mchana kutwa.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hataweza kuandika namba kila siku. Nawauliza: nani anayepima kokoa yetu kwenye mizani, na nani anayehesabu magunia ya mpunga? Tunaojua kusoma mizani tutashindwaje kusoma pumzi za watoto wetu?

Mzazi,
Ipinda, Kyela.