Dawa ya Moyo na Ng'ambo ya Ziwa



Tunapozungumza habari za haki, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya ardhi, mirathi, kodi na uchaguzi. Leo tunapenda kuwaalika mtafakari jambo linaloonekana dogo, maana hukaa ndani ya mikoba ya wasafiri wanaoshuka bandarini Kigoma na katika mwalo wa Kibirizi. Ni kidonge cha kupunguza lehemu katika damu, ambacho wengine hukiita kidonge cha kolesteroli.

Wapo wazee wetu walioandikiwa dawa hiyo na daktari, wakaikosa katika kituo cha jirani, wakaikuta dukani kwa bei wasiyoimudu. Ndipo wakaagiza kwa mfanyabiashara aendaye Bujumbura, Uvira au Kalemie, au wakangoja ndugu aliye Muscat apate mtu wa kumkabidhi mzigo. Hatusemi haya ili kuwalaumu. Watu wa Ujiji na wa mwambao wote wa Tanganyika wana jamaa pande zote za ziwa, na kuvuka maji kutafuta riziki ni desturi ya tangu mababu. Swali letu ni jingine: kwa nini mtu avuke ziwa kutafuta dawa ambayo ana haki ya kuipata kwao, na akishaipata, ni nani atakayemwangalia?

Shida ya dawa kutofika Ujiji si ya jana. David Livingstone alipofika hapa mwezi Machi 1869, akiwa mgonjwa wa kubebwa, alikuta sehemu kubwa ya shehena aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha porwa, na dawa zake zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Tangu hapo mengi yamebadilika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Njia ipo na chombo kipo. Kwa hiyo dawa isipofika leo, hatuwezi kuusingizia umbali peke yake.

Inafaa kwanza tuelewe dawa yenyewe. Lehemu ni kitu chenye asili ya mafuta ambacho mwili hukitengeneza, hasa katika ini, na bila hicho hatuwezi kuishi. Lakini inapozidi katika damu, hujikusanya katika kuta za mishipa, miaka nenda miaka rudi, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku damu inapozuiliwa kufika moyoni, huo ndio mshtuko wa moyo. Inapozuiliwa kufika kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi. Lehemu haiumi wala haiwashi. Mtu huweza kukaa nayo miaka ishirini akilima, akivua na kuimba kwaya, kisha akaanguka siku moja, na jirani wakaanza kutafuta mchawi.

Mwaka 1973 mtaalamu wa Japani, Akira Endo, aligundua katika ukungu wa jamii ileile iliyotupatia penisilini kitu kinachozuia ini kutengeneza lehemu nyingi. Kutokana na ugunduzi huo yakapatikana madawa yaitwayo statini, na ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 20,536 waliokuwa katika hatari. Waliopewa simvastatini walipatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi pungufu kwa kadiri ya robo kuliko wenzao. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliiingiza simvastatini katika orodha yake ya dawa muhimu. Basi hii si anasa ya matajiri.

Ni kweli kwamba zamani dawa hizi zilikuwa ghali kwa sababu ya hataza, yaani haki ya kampuni iliyovumbua kuuza peke yake. Hata watu wa nchi tajiri walilazimika kuvuka mipaka kwa ajili ya dawa. Mwaka 1999 Bernie Sanders, aliyekuwa mbunge wa Vermont huko Marekani, alisafiri kwa basi pamoja na wanawake wenye saratani ya matiti hadi Montreal, Kanada, ambako dawa yao iliuzwa kwa bei ndogo sana kuliko kwao. Kwa upande wa statini, wakati huo umepita. Huko Marekani hataza ya simvastatini ilikwisha mwaka 2006, na ya atorvastatini mwaka 2011. Leo viwanda vingi, hasa vya India, vinazitengeneza. Tena Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, nasi tukihesabiwa humo, zisibanwe na hataza za dawa hadi mwaka 2033.

Kama ni hivyo, kikwazo kiko wapi? Tunaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya vitabu vya zahanati na vituo vya afya. Kituo huagiza dawa Bohari kwa kuangalia matumizi yaliyoandikwa. Mgonjwa anayeambiwa "hakuna," akaondoka kimya na kununua ng'ambo, haandikwi popote. Katika vitabu, yeye hayupo. Kituo hakiagizi kwa sababu hakuna anayeomba, na wagonjwa hawaombi kwa sababu wanajua hakuna. Hivyo kila paketi inayopita mwaloni inamsaidia mgonjwa mmoja, na papo hapo inaficha haja ya wengi, hasa ya yule mjane wa Kalya au Sigunga asiye na jamaa Bujumbura wala Muscat. Kwake hakuna ng'ambo. Ana kituo chake tu, na kituo hicho hakijui kwamba anahitaji.

Dawa ya ng'ambo ina hatari zake pia. Paketi nyingi za Burundi na Kongo huandikwa kwa Kifaransa, na mgonjwa hubaki na maelezo ya mchukuzi tu. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya biashara. Hivyo mtu aweza kumeza kidonge cha Bujumbura asubuhi na cha Kigoma jioni, akidhani ni dawa mbili, kumbe ni ileile maradufu. Vidonge vingine hukatwa vipande vipande hata tarehe ya kwisha muda isionekane, au husafiri mtumbwini juani na majini. Aidha, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au haifikii kiwango. Kwa ajili hiyo anayeingiza dawa ili aziuze bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, anavunja sheria, hata kama nia yake ni njema.

Lakini upungufu mkubwa kuliko yote ni kwamba dawa hiyo huja peke yake, bila mtu wa kuulizwa. Statini ni dawa ya miaka mingi, pengine ya maisha yote. Wahudumu wetu wa afya hutofautisha maudhi madogo madogo na madhara makubwa, nasi tunapaswa kuijua tofauti hiyo. Maudhi ni kama tumbo kusumbua, kichwa kuuma au misuli kuchoka. Mara nyingi hupungua, na daktari aweza kupunguza kipimo au kubadili aina ya statini. Madhara makubwa ni machache sana, lakini hayangojei: maumivu makali ya misuli pamoja na udhaifu, mkojo wenye rangi nyeusi kama chai ya rangi, au macho kuwa ya manjano. Mwenye dalili hizo aache dawa na afike hospitali siku hiyohiyo, maana misuli inayoharibika huweza kuziumiza figo. Ifahamike pia kwamba dawa hizi huweza kupandisha sukari ya damu kidogo. Kwa walio wengi walioandikiwa faida yake huizidi hasara hiyo, ila sukari ipimwe.

Wapo wanaoacha dawa kimyakimya baada ya maumivu ya kwanza. Tungependa wajue habari ya utafiti mdogo wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2020. Watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi walipewa, kwa zamu za mwezi mmoja mmoja, statini, au kidonge kisicho na dawa, au wasipewe kidonge chochote. Ilionekana kwamba sehemu 90 katika 100 za maudhi waliyoyapata wakati wa statini waliyapata pia kwa kidonge kitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, wala hawakusema uongo. Ila mara nyingi chanzo hakikuwa dawa. Baada ya kuelezwa hayo, nusu yao walirudia matibabu. Yaliwezekana hayo kwa sababu alikuwapo mtu wa kuwasikiliza na kuwaeleza. Dawa iliyonunuliwa mwaloni haina mtu huyo.

Yapo pia mambo ambayo mwuzaji wa mwaloni hawezi kuyajua. Anayetumia amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu hapaswi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri hapaswi kabisa kumeza simvastatini. Zipo statini nyingine zinazomfaa. Anayepewa erithromaisini au klarithromaisini aseme kwanza kwamba anatumia statini. Mama mjamzito au anayenyonyesha asizimeze bila agizo la daktari. Kila mmoja wa hawa anahitaji mtu anayezijua dawa zake zote, siyo moja tu.

Hatuwezi kunyamaza juu ya chungu chetu. Mawese ni fahari ya Kigoma na riziki ya familia nyingi, tena mawese mekundu yana lishe inayofaa macho. Hata hivyo karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu. Kisiwani Mauritius, mwaka 1987 serikali ilibadili mafuta ya kupikia yaliyotumiwa na wengi, kutoka mawese kwenda kwenye soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu katika damu ya wananchi ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha kuonekana. Hatumwambii mkulima wa Kigoma ang'oe michikichi yake. Tunawaambia wenye shinikizo la damu, kisukari au lehemu nyingi wapunguze kipimo cha mafuta chunguni, samaki wachemshwe au wachomwe badala ya kukaangwa, na tumbaku iachwe. Lakini mtu ambaye daktari amemwandikia dawa asiiache kwa kudhani kwamba chakula pekee kinatosha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mgonjwa aliyeandikiwa statini aende na cheti chake kwenye kituo kila mara, hata akijua dawa haipo, na aombe haja yake iandikwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na kijiji kinachoficha haja zake hakiagiziwi dawa. Kukosekana kwa kipimo cha lehemu kusiwe kisingizio, kwani tangu mwaka 2019 zipo chati za Shirika la Afya Duniani za kukadiria hatari ya mtu kwa umri, jinsia, uvutaji wa tumbaku, shinikizo la damu, uzito na urefu.

Pili, kila jumuiya ndogondogo ichague mtu mmoja mwaminifu, ikiwezekana mhudumu wa afya, awatembelee wanaotumia dawa za kudumu. Asitibu mtu. Awaulize kama dawa ipo, kama wanaimeza na kama inawaudhi, kisha awaelekeze kituoni. Afanye hivyo kwa siri na heshima, maana ugonjwa wa mtu si habari ya kibarazani.

Tatu, yule ambaye kwa sasa hana njia ila ng'ambo, aandike katika karatasi jina la dawa yenyewe, siyo la biashara, pamoja na miligramu zake. Anunue katika famasi, siyo mwaloni. Alete paketi nzima yenye tarehe, na kabla ya kumeza aionyeshe kwa mfamasia au tabibu. Akipatwa na madhara, aombe taarifa ipelekwe TMDA kwa fomu iliyowekwa, maana mgonjwa naye ana haki ya kutoa taarifa.

Nne, wajumbe wetu katika kamati za usimamizi wa vituo waulize kikaoni: ni wagonjwa wangapi wa moyo, shinikizo la damu na kisukari walioandikishwa, dawa zipi ziliagizwa, zipi zilifika? Waheshimiwa madiwani na wabunge wetu waulizwe vilevile jinsi Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itakavyomfikia mvuvi na mkulima wa mwambao, na kama dawa za moyo zimo katika mafao yake.

Tunajua wahudumu wengi wa vituo vyetu wanafanya kazi katika mazingira magumu, na hatuandiki ili wavunjwe moyo. Tunawaomba wapokee maswali haya kama msaada. Nanyi, ndugu zetu, msione haya kuuliza kwa sababu dawa ni moja na mgonjwa ni mmoja. Kabla ya kikao kijacho cha halmashauri ya walei, kila jumuiya ituletee hesabu ya wanaotumia dawa za kudumu na wangapi kati yao huzinunua nje ya nchi, bila kutaja majina. Tukiwa na hesabu hiyo mkononi, tutakwenda pamoja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.