Ngadji na makabati matupu

Nimeyasoma kwa taadhima makala kuhusu sanaa shirikishi ya mitambo, nami mkaazi wa Garsen naafikiana na mwandishi wake kwamba sanaa inayomtaka mtazamaji atie mkono wake, sauti yake na hatua zake, huifikia batini ya mtu pale ambapo picha ya kutazamwa ukutani haifiki. Lakini kabla ya mitambo hii, sisi wa Mto Tana tulikuwa na Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ambayo ilihifadhiwa faraghani hata wengi wasiione maisha yao yote, ila mlio wake ukawatosha kuwatia kicho na kuwakusanya nyoyo. Nayo wakoloni wa Kiingereza wakaichukua mwaka 1902, ikaishia ghalani mwa British Museum, London.

Maonyesho ya mwaka 2021 katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yaliyoweka makabati ya vioo matupu ili mtazamaji akabiliane na kile kilichoondolewa nchini kama Ngadji, yaliniathiri kuliko sanamu yoyote, kwa kuwa mbele ya utupu ule huzuni na ibada vilinijia pamoja.

Basi, iwapo vijana wetu wa Garsen, Ngao na Hola watajenga chumba ambamo hatua za mgeni zitaamsha sauti za mto na makasia, nitawaunga mkono kwa dhati, ila mlio wa Ngadji wasiuige kwa mashine kamwe, maana idhini ya mlio huo ni ya wazee, nao bado wanaidai ngoma yenyewe.