Nguo ni za Mteja, Saa ni za Fundi

Ruiru ina kiwanda cha blanketi, Spinners and Spinners, na huenda hilo ndilo tatizo la kwanza la fundi wa cherehani mjini humo. Mteja anapomletea gunia la nguo za marehemu mamake, sweta, leso, sare ya Woman's Guild ya kanisani, akitaka ziunganishwe ziwe blanketi moja, huja na bei yake kichwani: ile ya blanketi jipya dukani. Tena hutaka apunguziwe, maana kitambaa kaja nacho mwenyewe. Kwake yeye kilichobaki cha kulipiwa ni uzi.

Hesabu hiyo imekaa kinyume. Nguo kuukuu ndizo zinazopandisha bei.

Fundi anayeshona sare za shule hukunjua kitambaa kipya, akakipanga tabaka juu ya tabaka, na mkato mmoja ukampa vipande kadhaa vinavyofanana. Nguo za kumbukumbu hazina bahati hiyo. Kila moja hufuliwa, hufumuliwa mishono, hukaguliwa mahali palipochakaa, kisha hukatwa peke yake. Fulana huvutika, kwa hivyo sharti ibandikwe kwa pasi kitambaa chembamba chenye gundi upande wa nyuma, la sivyo itapinda mara cherehani inapoanza kukimbia. Sweta huanza kufumuka ukingoni mkasi ukishapita tu. Leso nyepesi ikishonwa kando ya koti la sufu huvutwa na uzito wa jirani yake hadi ichanike. Halafu kuna pamba ya kujazia katikati na kitambaa cha upande wa chini, ambavyo mteja hakuja navyo, pamoja na mishono ya kuyashika matabaka yote matatu yasihame.

Chukua kitanda cha tano kwa sita. Vipande vya futi moja kila upande vinavyokifunika juu tu, bila kuning'inia pembeni, ni 30. Tuseme kila kipande, tangu kufumuliwa hadi kuunganishwa na mwenzake, kinakula saa moja. Hizo ni saa 30, na blanketi bado halijajazwa wala kupindwa ukingo.

Kanuni za mishahara za Kenya huiweka Ruiru pamoja na miji iliyokuwa manispaa, ngazi moja chini ya Nairobi. Tangu Novemba 2024 kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika kundi hilo kilikuwa karibu Sh14,867 kwa mwezi. Kwa wiki ya kazi ya saa 52, saa moja inafika kama Sh66, na saa 30 takriban Sh2,000. Hayo ni malipo ya mfagizi au mtunza bustani. Fundi wa nguo ana daraja lake la juu zaidi katika kanuni hizo hizo. Bado hajalipa kodi ya kibanda, stima, pamba wala uzi. Mteja anayetoa Sh1,500 kwa kazi nzima, na akajiona mkarimu, anamwomba fundi afanye kazi kwa chini ya ujira wa kibarua.

Kisha kuna hofu ya mkasi. Ukikosea kitambaa cha dukani, kingine kinapatikana kabla ya jioni. Shati la baba aliyezikwa haliuzwi hata katika soko la mitumba la Gikomba. Fundi anayekubali kulikata amejitwika dhamana, na dhamana nayo ina bei.

Marekani kazi ya aina hii hugharimu mamia ya dola, na dola 500 pekee ni zaidi ya Sh60,000. Hakuna anayetaka bei hiyo ihamie Ruiru. Hata huko, desturi yenyewe ilikuwa ya watu wasio na kitu. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alifiwa na mumewe akashona blanketi kwa nguo zake za kazi za shambani. Leo liko National Gallery of Art mjini Washington. Pettway hakumlipa mtu, kwa sababu saa zilikuwa zake. Anayemwajiri fundi ananunua saa za mwingine.

Na je, blanketi lote linahitajika? Katika jamii nyingi za Kenya nguo za marehemu hugawiwa jamaa baada ya mazishi, na blanketi moja haligawiki. Watoto watano watalilalia kwa zamu? Mto wa kochi huhitaji vipande vichache, saa chache, na kila mtoto akapata wake. Afadhali mito mitano iliyolipiwa vizuri kuliko blanketi moja lililoshonwa kwa haraka na kinyongo.

Kwa vyovyote vile, makubaliano yaandikwe: nguo ngapi zimeletwa, saa ngapi zimekadiriwa, mabaki yatarudishwa kwa nani. Wenye haki ya nguo hizo waitwe wazitazame kabla ya malipo ya kwanza. Ile ambayo yeyote kati yao hayuko tayari kuiona ikikatwa irudi nyumbani siku hiyo hiyo, na bei ipigwe upya kwa zilizobaki.